Chumba cha Peke Yake au Mikono ya Kumgeuza Mzee?

Kumtunza mzee kwenye nyumba ya uuguzi Marekani ni gharama nzito. Kwa takwimu za kampuni ya bima ya Genworth za mwaka 2024, bei ya kati ya kitanda katika chumba cha watu wawili ilikuwa kama dola 9,300 kwa mwezi, na chumba cha peke yake kama 10,600. Medicare ya kawaida, bima ya afya ya serikali kwa wazee, hailipii ukaazi wa kudumu. Mgonjwa akishalazwa hospitalini siku tatu, humlipia uuguzi hadi siku 100 tu, na kuanzia siku ya 21 naye huchangia. Zikiisha, ni mfuko wake, au Medicaid, mpango wa serikali wa matibabu kwa asiye na kitu.

Zile dola 1,300 za ziada zinanunua ukuta. Hazimnunui mtu wa kumgeuza mama yako kila baada ya saa chache asipate vidonda vya kulalia. Kama faragha si shida kwake, mimi ningechagua chumba cha wawili: jamaa wa mwenzake wa chumbani nao wana macho, na hawadai malipo.

Kinachofaa kulinganishwa ni watumishi. Tovuti ya serikali, Care Compare, huvipa vituo nyota moja hadi tano, ila sehemu ya alama za ubora hutokana na taarifa za kituo chenyewe, kwa hiyo nyota zisikulevye. Tazama saa za wauguzi kwa kila mkaazi, hasa Jumamosi na Jumapili, na kasi ya watumishi kuacha kazi. Ukifika, tafuta karatasi ya idadi ya watumishi wa zamu. Sheria inataka ibandikwe wazi.

Nenda wikendi, saa ya chakula cha jioni, kabla ya kuchagua na hata mama akishaingia. Dalili mbaya ni hizi. Sinia linaondolewa halijaguswa kwa kuwa hakuna wa kulisha. Jagi la maji liko mbali na mkono. Kengele inalia, hakuna anayeitika. Nguo zinampwaya mzee, midomo imekauka, na ukiuliza unaambiwa "ni uzee tu". Ikiwa ni mama yako, omba rekodi ya uzito wake wa kila mwezi. Wakikuzungusha, mpigie ombudsmani wa jimbo, mtetezi wa wakaazi asiyetoza hata senti.

Na kwenye mkataba, tia saini kama msimamizi wa fedha za mama tu. Sheria ya shirikisho inakataza kituo kumlazimisha ndugu awe mdhamini wa deni.