Kukaa Shamba, Kaskazi na Kusi

Sisi watu wa mjini hulijua shamba wakati wa maembe. Shule zikifungwa Disemba hupakia watoto, tukavuka feri ya Likoni na vikapu vitupu, na baada ya siku nne au tano tukarudi navyo vimejaa ngowe na madafu, huku tukiusifu upepo wa huko na utulivu wake. Mimi nilikuwa mmoja wa wasifuji hao kwa muda wa miaka arubaini. Basi msomaji akiniuliza nimelijua tangu lini shamba la marehemu baba yangu, nitamjibu pasi na haya: tangu Januari 2023, mwezi niliohamia huko moja kwa moja, nikiwa nimekwisha kustaafu ukarani.

Shamba lenyewe liko wilaya ya Kwale, kama sisi wa zamani tunavyoendelea kuiita kaunti, ndani ya barabara ya Lunga Lunga ukisha kuipita Msambweni. Lina minazi, mikanju, miembe michache, na kipande cha kulima mahindi na mihogo. Mama alikwisha kutangulia, hivyo marehemu alipofariki tulibaki warithi wanne: wanaume watatu na dada yetu mmoja. Hatukuligawa wala hatukulikaa. Tulimwacha mzee mmoja wa kijiji alisimamie, naye kila baada ya miezi mitatu, minazi ikisha kuanguliwa, akituletea pesa Mombasa. Mwaka hata mwaka hesabu ya nazi ikipungua. Mzee akasema ni yule mdudu mwenye pembe atoboaye vilele vya minazi, nasi tukasadiki, maana pesa hazikupungua kama zilivyopungua nazi. Hapo palikuwa na swali, lakini nani auliza swali ilhali mkono umo mfukoni?

Mwisho wa mwaka 2022 akatokea mnunuzi. Kaka akataka liuzwe, na mdogo wetu aliyeko Maskati akaleta ujumbe kwa simu kwamba yeye yu radhi. Dada alinyamaza. Mimi nikaomba nipewe mwaka.

"Mwaka wa nini?" akaniuliza kaka.

"Kaka, nazi moja yataka mwaka. Nipe umri wa nazi moja tu, kisha fanya uonavyo."

Maneno hayo niliyasema kwa kutaka kumnyamazisha, lakini ni ya kweli. Tangu upunga kufunguka, ukawa kidaka, kidaka kikawa kitale, kitale kikawa dafu, dafu likawa koroma, hata koroma likakauka likaitwa nazi, hupita kama miezi 12. Hakuna nazi iliyokwepa msimu. Yote imeyaona: jua la Kaskazi, mvua ya masika, baridi ya Kusi na matope ya vuli. Mama watoto alinicheka niliposhusha godoro darini. "Wewe wenda kutembea," akasema. "Ramadhani itakukuta hapa hapa."

Januari na Februari zilinidanganya. Bahari ilikuwa shwari, changu na tafi wakaletwa kwa baiskeli hadi mlangoni, mikanju ilikuwa ikidondosha korosho, na jioni upepo wa Kaskazi ukavuma hata nikawapigia watu wa mjini simu kuwaringia. Machi kisima kikashuka, maji yakawa na chumvi kidogo, na joto la usiku likanifukuza ndani nikawa nalala barazani. Kulala huko ndiko kulikonionyesha nisichokijua. Alfajiri moja, nimetoka kuswali, nikaona mtu juu ya mnazi wetu, kisu mkononi na kibuyu kiunoni. Hakuwa mkwezi wa nazi. Alikuwa mgema.

Nililizunguka shamba asubuhi ile nikihesabu. Minazi 23 ilikuwa na vibuyu. Asiyejua na ajue ya kwamba mnazi ugemwao tembo hauzai kwenye ule upunga uliokatwa. Maji ambayo yangekuwa nazi ndiyo yatonayo kibuyuni. Mdudu mwenye pembe yupo, simsingizii, lakini aliyetumalizia nazi alikuwa na miguu miwili, na pesa zile tulizozipokea Mombasa zilikuwa kodi ya tembo. Tulizila. Tulisomeshea watoto. Na nyengine, Mola atusamehe, tulizipikia khitima ya marehemu.

Nilimwendea mzee nikiwa natetemeka. Alinisikiliza hata nikamaliza, kisha akasema, "Mwanangu, una haki ya kukasirika. Lakini wewe umekuja Kaskazi. Kaa mpaka Kusi, kisha uje uniulize tena."

Niliona ni jeuri. Wagema niliwaondosha wiki ile ile, na mzee sikusema naye ila salamu.

Ramadhani ya mwaka ule iliingia mwishoni mwa Machi, na mvua ya kwanza nayo ikaja. Mwaka wetu wa Kiislamu, kwa kuwa wafuata mwezi, ni mfupi kwa siku kama 11 kuliko mwaka wa jua, na kwa hivyo funga hutembea ikazunguka misimu yote katika muda wa miaka 33 hivi. Hilo nililisoma chuoni nikiwa mtoto. Kulijua kwa mgongo ni jambo jengine. Mvua ikinyesha mbegu haikungoji ule wala unywe. Majirani zangu walikuwa kondeni baada ya alfajiri na kurudi kabla ya adhuhuri, midomo imekauka, kisha jioni wakanialika kufuturu kwa muhogo wa nazi kana kwamba hawakufanya kazi. Mimi nilipanda mistari sita, nikalala.

Na masika yalipoingia sawasawa, nyumba yangu ikavuja. Makuti yalikuwa ya miaka mingi na sisi tuliokuja Disemba tu tungelijuaje? Nikaugua homa ya malaria. Njia ya kutokea barabarani ikawa utelezi usiopitika kwa pikipiki. Mahindi yalipoanza kubeba, mchana walikuja tumbili na usiku nguruwe mwitu, nikajengewa dungu nikawa nalinda kwa debe na tochi, mimi niliyekuwa nikilinda mafaili.

Lakini yote hayo si kitu mbele ya Juni na Julai. Kusi lilipokaza, bahari ilifunga. Wavuvi wa ngalawa wakakaa pwani wakishona nyavu, na samaki akawa ni kipande cha ng'onda cha kutia harufu mchuzini. Mahindi ya mwaka uliopita yalikuwa yamekwisha na mapya hayajakauka. Nazi zilikuwa zimeanguliwa Mei, za baadaye zilikuwa zaningoja Agosti. Watu wanakula mchunga na mihogo, na mwenye duka ameanza daftari la pili la madeni. Hakuna mgeni ajaye Julai. Hakuna mtu wa mjini asifuye upepo ule. Pensheni yangu ndiyo iliyonivusha, nami usiku nikajiuliza: asiye na pensheni avuka kwa nini?

Hapo nikalifahamu jibu la mzee. Nazi hulipa mara nne kwa mwaka. Tembo hulipa kila asubuhi. Na sisi warithi, tulipomweka pale, hatukumpangia mshahara. Maneno yetu, nayakumbuka vizuri kwa kuwa ni mimi niliyeyasema, yalikuwa: "Mzee, wewe utakula humo humo." Akala humo humo. Dhambi ile ilikuwa na wenyewe wengi, na wengine tulikuwa tumevaa kanzu zilizopigwa pasi.

Nikamwendea. "Nimekuja kukuuliza tena."

Akacheka, akanisogezea kigoda. "Sasa waweza kuuliza."

Alinieleza ya mwaka ambao mkewe aliugua katikati ya Kusi, na jinsi alivyoikodisha minazi mitatu kwanza, akidhamiria miezi miwili. Sitayaandika yote, ni yake. Tuliagana kwamba atapata mshahara kila mwezi utokao kwangu, na tembo halitagemwa tena.

Tangu siku ile akawa mwalimu wangu. Mwisho wa Julai alinifundisha hesabu ya miongo, ambayo wakulima na manahodha wa mwambao wetu waliifuata zamani: mwaka wa jua unaoanzia Nairuzi, ndiyo siku ile ambayo wenzetu wa Makunduchi kule Unguja huisherehekea kwa Mwaka Kogwa, ukahesabiwa kwa makumi hata kufikia siku 365. Kwa mwezi wa kuandama huwezi kupanda, maana Rajabu ya mwaka huu si Rajabu ya mwaka ule. Ndipo wazee wakawa na hesabu mbili, moja ya ibada na moja ya jembe. Vijana wa hapa hutazama hali ya hewa katika simu. Mzee hutazama upepo, akahesabu kwa vidole, na mara nyengine hukosea pia.

Agosti nilivuna. Nisabu ya zaka ya nafaka ni wasaki tano, yaani saa 300. Mahindi yangu hayakuikaribia hata kwa mbali, na watoto wa kijiji walicheka nilipouliza.

Kisha ikaja vuli ya El Niño. Mvua za mwisho wa mwaka 2023 kila mtu wa Pwani azikumbuka. Kwetu kijito kilikuwa mto, na njia ikakatika. Katika siku hizo akafariki bibi mmoja jirani, aliyekuwa akiniletea mabumunda, na makaburi yako ng'ambo. Wanaume tulijipanga tukalibeba jeneza mabegani, maji yakitufika kifuani, tukipokezana. Nilipokezwa mara mbili. Katika kurudi kijana mmoja akanisemesha kwa Kidigo, nami nikamjibu, na hakuna aliyegeuka kutazama.

Kaka na dada walikuja Januari 2024, mwaka umetimia. Maembe yalikuwa machache, mvua iliangusha maua. Kaka akasimama chini ya ile minazi 23, mikono nyuma.

"Nazi zako ziko wapi?"

Mzee akainua fimbo, akamwonyesha mikungu. "Hayo ni makoroma, bwana. Bado miezi miwili."

"Mwaka si umekwisha?"

"Wako umekwisha. Wa nazi ulianza vibuyu vilipoondoka."

Simu ya kaka ikalia. Ilikuwa ni yule mnunuzi. Akaitazama ikilia, akaitia mfukoni, akamwuliza dada kama ameleta chai. Chai ilikuwamo katika chupa, na mkate wa sinia.

Machi, siku chache kabla ya Ramadhani, mkwezi alipanda. Minazi ile ilitoa nazi 141, kidogo kwa minazi mingi kama ile, lakini zilikuwa za kwanza. Tukazigawa kwa mafungu ya mirathi: sisi wanaume 40 kila mmoja, dada 20, fungu la ndugu wa Maskati likauzwa akapelekewa thamani yake. Ikabaki moja. Mzee aliitikisa sikioni, akasikia maji, akaenda kuilaza nyuma ya nyumba karibu na mtungi, penye kivuli, ipate kuota.