Je, Wajua? Habu ya Nati Nne Haigeuzwi ya Nati Tano kwa Drili

Ford Mustang ya mwaka 1993 na ile ya mwaka 1994 haziazimani magurudumu. Ya kwanza ina nati nne kila gurudumu, zimepangwa kwenye duara lenye kipenyo cha milimita 108. Ya pili ina nati tano kwenye duara la milimita 114.3. Rimu pana za inchi 17 ambazo wapenzi wa gari hili wanazitamani nyingi ziko upande wa nati tano, na ndiyo sababu huko Marekani Mustang za 1979 hadi 1993 zimekuwa zikibadilishwa kwa miaka mingi. Ukiiangalia kazi hiyo juu juu, utadhani ni ya kutoboa matundu tu. Siyo, na sababu yake inavutia kuliko rimu zenyewe.

Nati nne zilitokana na udogo wa gari. Mustang ya 1979 ilijengwa juu ya umbo la chini la Ford Fairmont ya 1978, gari la kawaida la familia. Injini ya V8 ikazidi kuongezewa nguvu hadi kufikia farasi 225 mwaka 1987, nati zikabaki nne zile zile. Toleo moja tu la miaka ya 1980, SVO ya 1984 hadi 1986, liliuzwa na nati tano, na hilo hilo ndilo lililopewa breki za diski mbele na nyuma wakati wenzake walikuwa na dramu nyuma. Mwaka 1994 Mustang zote zikapata diski magurudumu yote manne, na zote zikapata nati tano. Kwa ujumla nati na breki zilipanda ngazi pamoja.

Sasa, kwa nini usichukue drili na kuitoboa habu, kile chuma ambacho rimu hufungwa juu yake? Matundu manne yanakaa kila baada ya nyuzi 90, matano kila baada ya nyuzi 72. Zungusha mpangilio mpya utakavyo juu ya ule wa zamani: lazima tundu moja jipya liangukie ndani ya nyuzi 9 kutoka tundu la zamani. Hakuna namna ya kuukwepa mgongano huo, ni hesabu tupu. Kwenye duara la ukubwa huu nyuzi 9 ni pungufu ya sentimita moja, na matundu yenyewe yana upana unaozidi milimita 12. Yataingiliana. Wapo wanaoziba matundu ya zamani kwa kuchomelea kisha wakatoboa upya, lakini moto wa kuchomelea hupinda uso wa chuma na kuvuruga ugumu wake. Mimi nisingempandisha mtoto wangu kwenye gari hilo.

Maduara yakiachana sana kwa ukubwa, mambo hubadilika. Volkswagen Beetle za zamani zilikuwa na nati tano kwenye duara kubwa la milimita 205, sawa na Porsche 356, ilhali Porsche 911 inatumia 130. Tofauti hiyo inaacha chuma cha kutosha katikati, na zinauzwa dramu za Beetle zenye matundu ya saizi zote mbili, yakiwa yametulia bila kugusana.

Ugumu wa uso wa habu una maana kubwa kwa sababu gari halining'inii kwenye boliti, kama wengi tunavyodhani. Nati ikikazwa, boliti hurefuka kidogo sana na kuvuta rimu iibane habu. Chukua kipimo cha Toyota nyingi ndogo, nyutoni-mita 103 kwenye boliti ya milimita 12: kwa nyuzi za boliti zilizo kavu na safi, kila boliti inabana kwa nguvu inayokaribia uzito wa tani 4. Kinachobeba gari, kinachopokea breki na kona, ni msuguano wa nyuso mbili zilizobanwa hivyo. Hapo ndipo kutu, rangi nene au mchanga kati ya rimu na habu vinakuwa hatari: vikisagika, mbano unalegea na nati inaanza kujifungua. Grisi kwenye nyuzi za boliti nayo ina balaa lake, maana mkono ule ule utavuta boliti zaidi ya uwezo wake.

Ndiyo maana pia ile tabia ya kulazimisha rimu ya 5x112 (nati tano, duara la milimita 112) ikae kwenye habu ya 5x114.3 inanitisha. Kila boliti inakosea mahali pake kwa milimita moja na ushee. Nati inaingia, inakaza, lakini imeegemea upande.

Hiyo 114.3 ni inchi nne na nusu. 139.7 ya Hilux ni inchi tano na nusu, na 165.1 ya Land Rover Defender za zamani ni sita na nusu. Kwa hiyo Mustang ya 1994 na RAV4 iliyoegeshwa mtaani kwako zina duara moja la nati. Lakini usikimbilie kubadilishana: tundu la katikati la RAV4 ni milimita 60.1, la Mustang linazidi 70. Rimu ya RAV4 haitaipita habu ya Mustang. Na kama unataka kupima duara la nati tano, hakuna tundu linalotazamana na jingine moja kwa moja. Pima kati ya vituo vya matundu mawili jirani, kisha zidisha kwa 1.701. Ukipata milimita 67.2, duara lako ni 114.3.

Adapta za alumini, zinazofungwa kwenye nati nne na kutoa boliti tano, hufanya kazi zikitengenezwa vizuri. Ila zinasukuma gurudumu nje, mara nyingi kwa milimita 25 au zaidi, na beringi ndizo zinazolipa.

Njia ninayoiheshimu ni kubadilisha chuma chenyewe. Mbele, diski na habu za Mustang hizo ni kipande kimoja chenye beringi ndani, kwa hiyo diski mpya ya nati tano inamaliza suala. Nyuma ndiko kuna jasho: unamwaga oili ya difu, unafungua kifuniko, unatoa pini ya katikati, unasukuma ekseli ndani mpaka klipu yenye umbo la herufi C idondoke, ndipo ekseli ichomoke. Ekseli za Mustang ya 1994 ni ndefu kwa karibu milimita 19 kila upande na hutanua gari, hivyo wengine huchukua za pikapu ya Ford Ranger ya Marekani ya miaka hiyo, ambayo nayo ilikuwa 5x114.3.

Kisha nunua na spea. Ile ya nati nne iliyobaki kwenye buti haitaingia popote tena kwenye gari hilo, na wengi hulikumbuka hilo wakiwa barabarani, jeki ikiwa imeshanyanyua gari.