Kitabu Kisichoonekana Rafuni

Vijana wetu wengi siku hizi, wa kike na wa kiume, huingia vyuo vikuu wakiwa na hamu ya kuandika habari za wazee wao: masheikh waliosomesha, watungaji wa tenzi, na miji ya pwani. Jambo hilo lapendeza. Lakini huingia maktaba, wakatazama rafu moja au mbili, kisha wakarudi wakisema, "Hapana kitu." Neno hilo huandikwa katika tasnifu, na anayekuja baada yao hulisoma kama kwamba ni kweli iliyothibiti, ya kuwa wazee wetu hawakuandika. Na mara nyingi kitabu kipo, ila hakikuitwa kwa jina lake.

Tuchukue mfano wa utenzi unaojulikana sana katika nyumba za mwambao, nao ni ule wa Mwana Kupona binti Mshamu, aliomtungia binti yake mwaka 1858. Mwanafunzi akiandika "Mwanakupona" kwa neno moja katika kompyuta ya maktaba, huenda asipate kitu. Akiandika kwa maneno mawili, akapata. Na akipata atashangaa kuona kitabu kimeorodheshwa kwa majina ya Alice Werner na William Hichens, kwani wao ndio waliouchapisha utenzi huo pamoja na tafsiri ya Kiingereza mwaka 1934. Utenzi huohuo umo pia ndani ya kitabu cha J. W. T. Allen kiitwacho Tendi, cha mwaka 1971, nacho kina tenzi sita, basi asiyekifungua hajui nani yumo. Bibi yetu yuko maktabani, lakini amekaa nyuma ya majina ya wageni.

Hali ni hiyo kwa masheikh pia. Sheikh Abdallah Saleh Farsy, aliyekuwa Kadhi Zanzibar na baadaye Kadhi Mkuu wa Kenya, huandikwa mara Farsy, mara Farsi, mara al-Farsy. Na Saleh hugeuka Salih. Kitabu chake cha habari za wanavyuoni wa Kishafi wa Afrika ya Mashariki kilitoka Mombasa mwaka 1972, na tafsiri yake ya Kiingereza, iliyofanywa na Randall Pouwels, ikatoka mwaka 1989. Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui naye aliandika tarehe ya Mazrui wa Mombasa kwa Kiarabu, na wengi hawakuiona mpaka ilipotolewa pamoja na Kiingereza mwaka 1995. Yampasa mwanafunzi ajaribu kila namna ya kuliandika jina, na kila lugha, kabla hajakata tamaa. Kazi hiyo huchosha, lakini haina njia ya mkato.

Tena ajue mpango wa rafu. Vyuo vikuu vingi hufuata mpango wa Maktaba ya Bunge la Marekani, ambao huvitia vitabu vya Uislamu katika herufi BP, historia ya Afrika katika DT, na lugha na fasihi za Kiafrika katika PL. Kwa hiyo habari za sheikh mmoja wa Lamu aliyekuwa mwanachuoni, kiongozi na mshairi zaweza kuwa zimetawanyika pande tatu za jengo. Aliyesimama mbele ya BP peke yake ameona theluthi moja ya mambo. Na akisha kukipata kitabu kimoja kizuri, afungue kurasa za mwisho, atazame vitabu ambavyo mwandishi alivitegemea, kisha avifuate hivyo kimoja kimoja. Mimi naona kurasa hizo zina faida kuliko dibaji.

Kuna na hazina ambayo haipo rafuni kabisa. Katika miaka ya 1960 huyo Allen alizunguka pwani akikusanya maandishi ya mkono ya Kiswahili na Kiarabu, na sauti za wasomaji katika kanda, kwa ajili ya chuo kikuu cha Dar es Salaam. Orodha yake ilichapishwa Leiden, Uholanzi, mwaka 1970. Maandishi hayo yalitoka majumbani mwa watu, na pengine wako wajukuu ambao hawajui kwamba mkono wa babu yao umehifadhiwa huko. Karatasi nyingine zilivuka bahari: zile za William Taylor, aliyekusanya mashairi ya Muyaka, na za Hichens, ziko katika maktaba ya chuo kiitwacho SOAS, London, na Ujerumani zimo nyingi, ambazo Ernst Dammann alizitolea orodha mwaka 1993. Vitu kama hivi haviazimwi kwenda navyo nyumbani. Humwomba mkutubi kwa namba, ukaletewa mezani, ukasoma mbele yake, na ukaandika kwa kalamu ya risasi.

Na ikiwa kitabu hakimo katika chuo chako, usiseme hakimo duniani. Maktaba huazimana. Mwanafunzi humpelekea mkutubi jina la mwandishi, jina la kitabu, mwaka, na kurasa anazozitaka, naye huandikia maktaba nyingine. Ikiwa ni makala, mara nyingi huletwa picha ya kurasa tu. Ikiwa ni kitabu, huja chenyewe kwa muda uliowekwa. Na kikiwa cha zamani sana hawakitoi. Maombi yasiyo na mwaka wala jina kamili hurudi kama yalivyokwenda, kisha mwanafunzi akawalaumu wakutubi!

Katika fiqhi twasomesha mlango wa ariya, yaani kuazimana. Madhehebu yetu ya Shafi yasema kwamba aliyeazima kitu kikamharibikia au kikampotelea yumo katika dhamana ya kukilipa, hata ikiwa hakuzembea, ila kile kilichochakaa kwa matumizi yenyewe aliyoruhusiwa. Kupiga mistari ya wino katika kitabu cha maktaba si matumizi aliyoruhusiwa mtu. Wala kukichelewesha siku ishirini, na hali mwenzako anakingoja ili amalize kazi yake, si jambo dogo.

Nanyi wazee msidhani kuwa haya hayawahusu. Kijana akisha kuipata picha ya hati ya zamani, hukutana na kikwazo cha mwisho: imeandikwa Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, na wengi wao hawakufundishwa kuisoma. Khati za kale hazikutenga pe na be, wala mbe. Kasra moja ilitosha kwa i na e. Maneno "bibi" na "pembe" yaweza kuandikwa sawasawa, na anayeyatenganisha ni mtu anayeujua utenzi na desturi za watu wake. Mtu huyo hayumo maktabani. Yuko nyumbani, pengine amekaa barazani baada ya Alasiri na miwani yake, naye hajaulizwa na mtu yeyote. Kijana na achukue picha ile ampelekee.