Trauti na Kipupwe cha Nyanda za Juu Kusini

Je, wajua kwamba katika mito ya milimani hapa Tanzania yupo samaki ambaye maji ya uvuguvugu yanaweza kumuua? Ni trauti, hasa yule wa upinde wa mvua, mwenye madoa meusi mgongoni na mstari mwekundu ubavuni. Asili yake ni mito inayoingia Bahari ya Pasifiki, huko Amerika Kaskazini na mashariki ya mbali ya Urusi. Afrika Mashariki waliotangulia kufika ni ndugu zake, trauti wa kahawia: mwaka 1905 mlowezi Ewart Grogan alipandikiza samaki wa Scotland katika Mto Gura, kwenye milima ya Aberdare nchini Kenya. Tanganyika nayo ikapata trauti wakati wa Waingereza, na mpaka leo wamo Mto Kiwira wilayani Rungwe na katika mabwawa ya mashamba ya chai ya Mufindi.

Wakazi wa Tosamaganga mkoani Iringa wanaujua Mto Ruaha Mdogo unaopita jirani na kilima chao ukitokea huko huko Mufindi. Unapozaliwa ni maji ya baridi yanayokatiza mawe na misitu. Kadiri unavyoshuka, jua linaupasha na mashamba yanautia tope. Trauti hustarehe maji yakiwa kati ya nyuzi 10 na 16 za Selsiasi. Yakipita 20 anaanza kutaabika, na yakikaribia 25 maisha yake yamo hatarini. Kambare, kwa upande wake, hayo ndiyo maji anayoyapenda.

Sababu ya trauti kupenda baridi inayotajwa kila mara ni kwamba maji baridi hubeba oksijeni nyingi. Ni kweli, ila haitoshi. Usawa wa bahari, lita moja ya maji ya nyuzi 10 hubeba miligramu 11 hivi za oksijeni. Ya nyuzi 20 hubeba 9. Lakini Mufindi ipo karibu mita 2,000 juu, ambako kanieneo ya hewa imepungua kwa kama moja ya tano, na oksijeni inayoyeyuka majini nayo hupungua kwa kiasi hicho. Piga hesabu: kijito cha Mufindi chenye nyuzi 10 kina oksijeni inayokaribiana sana na ya maji ya nyuzi 20 kule pwani! Kinachomwokoa trauti ni mahitaji yake. Samaki huyu hana joto lake mwenyewe. Maji yakipoa, mwili wake nao hupoa, moyo hupiga polepole, na matumizi yake ya oksijeni hushuka hadi kama nusu kwa kila nyuzi 10 zinazopungua. Kwangu mimi hili ndilo jambo la ajabu kuliko yote katika maisha yake.

Na kupoa huko kwa mwili ndiko kunakotawala uvuvi wa kipupwe, kuanzia Juni hadi Agosti, wakati ambapo sakitu hutanda asubuhi kwenye majani ya uwanda wa Kitulo na ya Mufindi. Mvua zimekatika, mito imepungua na maji yametakata. Trauti mwenye mwili uliopoa hana haja ya kufukuza chakula. Hujibanza kwenye vilindi, nyuma ya mawe, mahali ambapo mkondo hauna nguvu, akingoja mto umletee.

Unamletea nini? Geuza jiwe la mtoni ulitazame kwa karibu. Utakuta buu bapa mwenye mikia miwili au mitatu na matamvua yanayopepea ubavuni. Pengine pembeni yake pana mwenzake aliyejifungia ndani ya kifuko cha chembe za mchanga, zilizogandishwa kwa uzi anaoutoa mdomoni. Hao ndio mlo wa msimu huu. Mvuvi huwaiga kwa nyuzi, manyoya na vipande vya unyoya wa ndege vilivyosokotwa juu ya ndoano ndogo. Chambo hicho ni chepesi mno hakirushiki chenyewe, hivyo mshipi mzito ndio unaopeperushwa na ufito, nacho kinafuata nyuma. Kinatakiwa kuzama hadi karibu na changarawe na kwenda kwa mwendo wa maji, bila kuvutwa.

Kuwahi alfajiri hakuna faida. Subiri kuanzia saa nne au tano, jua lipashe maji kidogo na wadudu waanze kujongea. Hapo pia ndipo mvuvi anapoonekana kirahisi. Trauti huona ulimwengu wa nje kupitia duara lililo juu ya kichwa chake, lenye upana wa nyuzi 97 hivi, na aliyesimama wima ukingoni huingia ndani ya duara hilo mapema. Aliyechutama huchelewa kuonekana, kwa kuwa mwanga unaotoka chini kabisa, karibu na usawa wa maji, hupenya kidogo sana.

Oktoba na Novemba hali hugeuka. Mito bado ni midogo, jua ni kali, na mvua hazijashika kasi. Trauti aliyepambana na mshipi kwenye maji ya joto huishiwa pumzi, na anaweza kufa hata akirudishwa mtoni akiwa mzima. Miezi hiyo ni bora aachwe apumzike hadi maji yapoe.