Mteja wa boti akikuuliza "kitako cha chini unacho?", usimtajie bei kwanza

Leo naongea na tunaouza vifaa vya boti mtandaoni. Hata kama unauza kitu kingine soma tu, hasara yangu inaweza kukusaidia.

Mimi nauza vyuma vya sitaha: vyuma vya kufungia kamba, vishikio vya fimbo za kuvulia, bawaba, taa. Fremu yangu ni ndogo, iko hapa Dar, na wateja wengi wananipata WhatsApp. Boti sijasomea. Nimeishia form four, mengine nimefundishwa na mafundi na hasara.

Hasara yenyewe ni hii. Nahodha mmoja anayebeba wageni aliagiza chuma cha kufungia kamba, akaomba na kitako cha kukaa chini yake. Nikaenda kwenye duka la mbao nikanunua kipande cha ule ubao mweusi unaoteleza, wenyewe wanauita marini bodi. Nikasema jina lenyewe si ni la baharini? Nikakata, nikatuma.

Haikufika miezi sita akanitumia picha bila neno lolote. Chuma kimeng'oka na bolti zake, ubao umevimba na kuachana kama kitabu kilichonyeshewa. Boti ilikatika usiku kwenye maegesho ikaenda kugonga boti ya mwenzie. Baadaye akaniandikia, "Mdogo wangu, uliniambia hii ni mbao ya baharini." Sikuwa na jibu. Nilirudisha hela yote na nikachangia matengenezo. Ashukuriwe Mungu hakukuwa na mtu ndani.

Kumbe ule ubao mweusi kazi yake ni kumwagia zege. Juu umepakwa ngozi ya kuzuia maji, lakini ukiukata au kuutoboa, maji yanaingia pembeni na kwenye matundu. Plaiwudi halisi ya boti ni kitu kingine: gundi yake haiachii maji na ndani haina mapengo. Na hata hiyo, ukishaikata lazima kingo na matundu yazibwe kwa epoksi.

Tangu siku hiyo, kabla sijataja bei nauliza maswali matatu:

1. Boti ni ya mbao au ya faiba? Kama ni faiba, sitaha ni faiba tupu au ina mbao laini au povu katikati?
2. Hicho chuma kitavutwa na kitu kizito, au kinashika taa tu?
3. Chini ya sitaha mkono unafika?

La tatu wengi tunaliruka. Mkono ukifika, fundi anapitisha bolti hadi chini, anaweka bamba pana, washa kubwa na nati. Hapo mzigo unatawanyika eneo kubwa. Mkono usipofika ni skrubu tu, na skrubu usimuuzie mtu wa kufunga nanga. Mwambie atafute sehemu nyingine ya kufunga.

Sasa tuje kwenye vitu vyenyewe.

Mbao ngumu. Mtiki na mvule ndo nazoziamini. Mtiki una mafuta yake ya asili, hauozi haraka, na hapa nchini unapandwa, mfano Longuza kule Muheza na bonde la Kilombero. Kwa boti ya mbao unakaa vizuri sana. Ila yale mafuta yanakataa gundi, kwa hiyo fundi aufute kwanza kwa asetoni ndipo apake.

Plastiki nyeupe. Ni ile ile ya vibao vya kukatia nyama buchani. Haiozi, hainywi maji, inakatika kwa msumeno wa kawaida, bei nafuu. Ubaya wake ni laini. Bolti ikikazwa sana inaminyika taratibu, baada ya muda nati inalegea. Halafu gundi nyingi haziishiki. Mimi naiuza kwa taa na vitu vyepesi. Kwa kamba ya boti, hapana.

Aluminiamu. Nyepesi na ngumu, lakini si kila aluminiamu. Ya kutengenezea madirisha usimpelekee mtu wa bahari, tafuta ya boti, mfano 5083. Na kuna mtego: ukiweka aluminiamu na bolti za stenlesi zikagusana kwenye maji ya chumvi, aluminiamu ndo inaliwa. Utaona unga mweupe kuzunguka bolti. Dawa ni kutenganisha kwa washa za plastiki na kupaka silanti.

Stenlesi. Kwa bamba la chini ni nzuri sana. Uliza namba: 316 inavumilia chumvi kuliko 304. Usidanganywe na sumaku, maana zote mbili kwa kawaida hazishiki sumaku, kwa hiyo haikuambii ipi ni ipi. Nunua kwa mtu anayekuandikia namba kwenye risiti.

Bamba la faiba na epoksi, linaloitwa G10. Rangi yake ya kijani kama njano. Haliozi, halipati kutu, halibonyei. Kwa boti ya faiba yenye mzigo mkubwa hili ndilo la kwanza. Bei imesimama, na vumbi lake linawasha, fundi avae barakoa na mikono mirefu.

Jambo moja la kumkumbusha kila mteja: hata kitako kizuri hakisaidii kama matundu yamepitisha maji. Sitaha yenye mbao katikati ikinywa maji inaoza kwa ndani huku juu unaiona iko poa. Fundi atoboe tundu kubwa kuliko bolti, alijaze epoksi, ikikauka ndipo atoboe tundu la bolti, halafu aweke silanti ya boti. Ni kazi ya siku mbili badala ya saa moja. Wengi hawapendi kusikia, lakini sema.

Upande wa biashara, nimebadilisha vitu vitatu. Kwenye posti siandiki tena "cha baharini", naandika kitu chenyewe: mtiki, plastiki, stenlesi 316. Napiga picha ya ukingo uliokatwa, siyo juu tu, maana ukingo ndo unaonyesha ukweli. Na kwenye risiti naandika kazi yake: "cha taa, siyo cha kufungia boti."

Je, napoteza wateja? Ndiyo, wapo wanaoenda kwa mwenye bei ndogo. Ila yule nahodha alirudi. Safari hii alinitumia picha ya sitaha kabla ya kuuliza bei, nikamuuzia bamba la G10 na bolti zake, na sasa ananiletea na wenzake.

Wewe unauza kitu gani ambacho jina lake la sokoni linadanganya? Andika hapo chini, tusaidiane kabla hakijamfikia mteja.