Saa za Rubani: Kuruka, Kuwa Kazini na Kulala

Asubuhi, jua linapoanza kuangaza mabega ya Mlima Meru, ndege ndogo huanza kuondoka katika uwanja wa Arusha ulioko Kisongo, magharibi ya mji. Nyingi huelekea Manyara na Serengeti. Hutua katika viwanja vya udongo, hushusha watalii, hupakia wengine, kisha huruka tena. Kabla ya magharibi rubani mmoja aweza kuwa ametua mara sita au zaidi. Atazamaye kutoka mbali atadhani kazi hiyo ni nyepesi, kwa kuwa kila safari ni fupi, na baina ya safari rubani huonekana amesimama kivulini mwa bawa akizungumza na abiria. Elimu ya viumbe haikubaliani naye.

Sheria za usafiri wa anga hutenganisha vipimo viwili. Muda wa kuruka huanza pale ndege inaposogea kwa mara ya kwanza kwa nia ya kuruka, nao hukoma inaposimama kabisa mwisho wa safari. Muda wa kazi ni mpana zaidi: huanza rubani anaporipoti kazini, achunguze hali ya hewa, apime mafuta, akadirie uzito wa mizigo. Rubani wa safari fupifupi aweza kuruka kwa muda wa saa 5 tu, ilhali amekuwa kazini kwa muda wa saa 11. Ubongo wake hauhesabu zile saa 5. Huhesabu tangu alipofumbua macho kitandani.

Kosa la kutazama kipimo kimoja tu lilidhihirika tarehe 18 Agosti 1993, ndege ya mizigo ya aina ya DC-8 ilipoanguka karibu na uwanja wa Guantanamo, kisiwani Cuba. Wafanyakazi wake watatu walikuwa wameruka kwa muda wa saa 9 hivi, lakini walikuwa kazini kwa takriban saa 18, na nahodha hakuwa amelala kwa muda wa saa zipatazo 23. Katika dakika za mwisho aliendelea kuitafuta taa moja ya ardhini, ambayo kumbe ilikuwa haiwaki, huku ndege ikipoteza mwendo katika kona. Wote watatu walijeruhiwa vibaya, lakini walinusurika. Wachunguzi wa Marekani waliutaja uchovu kuwa miongoni mwa visababishi vya ajali hiyo, jambo ambalo hawakuwa wamelifanya waziwazi namna hiyo hapo awali.

Ni nini basi kinachotokea ndani ya kichwa? Mwaka 1982 mwanasayansi Alexander Borbély wa Zürich alieleza kuwa usingizi hutawaliwa na nguvu mbili. Ya kwanza ni deni: kadiri mtu akaavyo macho, ndivyo kemikali kama adenosini zinavyolundikana katika ubongo, na usingizi pekee ndio huziondoa. Kahawa huziba tu milango ambayo adenosini huingilia. Deni lenyewe hubaki palepale. Nguvu ya pili ni saa ya mwili, iliyomo katika fungu dogo la chembe za ubongo, nayo hurekebishwa na mwanga wa kila siku. Hapa Mswahili ana bahati ya lugha: hesabu yake ya saa huanzia mapambazuko, kama saa hiyo ya mwilini. Kwa hesabu hiyo, wakati ambao mwili hudai usingizi kwa nguvu zaidi ni kuanzia saa 8 usiku hadi saa 12 alfajiri.

Wakati huo ndio ndege ya abiria iliyotoka Dubai ilipokuwa angani, tarehe 22 Mei 2010, ikielekea Mangalore nchini India. Nahodha alilala kwa sehemu kubwa ya safari, akaamka karibu na kutua akiwa bado na uzito wa usingizi. Rubani msaidizi alimwambia aache kutua, ajaribu upya. Hakusikilizwa kwa wakati. Watu 158 walikufa.

Ndiyo maana kanuni za siku hizi hazitaji idadi moja tu ya saa. Chukua jedwali la nchi za Ulaya. Rubani aanzaye kazi kati ya saa 12 asubuhi na saa 7 na nusu mchana huruhusiwa muda wa saa 13, ikiwa atatua mara moja au mbili. Kuanzia kutua kwa tatu, kila mara hupunguza nusu saa, mpaka kikomo cha chini cha saa 9. Aanzaye usiku hupewa saa 11 tu. Mwanafunzi na apige hesabu: rubani wetu wa kutua mara sita, akipimwa kwa jedwali hilo kwa mfano tu, angepata saa 11. Kisha lazima apumzike nyumbani kwa muda usiopungua saa 12, au ulio sawa na muda aliofanya kazi, ukiwa mrefu zaidi. Katika siku 28 zozote hapaswi kuruka zaidi ya saa 100.

Kutua kumepewa uzito huo kwa sababu ndipo akili hutumika zaidi. Ndege ndogo inayokaribia kiwanja kwa mwendo wa kilomita 150 kwa saa hupita takriban mita 42 kila sekunde. Mtu aliyechoka aweza kusinzia kwa sekunde 5 bila kujua. Mita 200 zimekwisha, na huenda pundamilia wamekwisha ingia kiwanjani.

Arusha huongeza jambo jingine. Kiwanja chenyewe kiko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na ndege ivukayo nyanda za Ngorongoro hupanda hadi mita 3,000 na zaidi. Huko kanieneo ya hewa ni kama asilimia 70 ya ile ya pwani, na ndege nyingi za aina hii hazina chumba kinachoshindiliwa hewa. Oksijeni ikipungua kidogo tu, aliyelala vibaya huhisi mapema zaidi.

Au pengine hahisi, na hapo ndipo penye hatari kubwa kuliko zote. Mwaka 1997 Dawson na Reid wa Australia walionyesha kuwa mtu aliyekaa macho kwa saa 17 hufanya kazi kama mwenye asilimia 0.05 ya kileo katika damu. Kama mlevi, husema yu mzima. Kwa hiyo Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga (ICAO) huitaka kila nchi iweke mipaka yake, kazi ambayo hapa nchini ni ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania. Rubani haachiwi ajipime peke yake, wala mwajiri wake, hasa msimu wa watalii unapopamba moto.

Kwa miaka mingi uwanja wa Kisongo ulitumika mchana tu, na jua likawa msimamizi asiyebembelezeka: likizama, kazi imekwisha. Kiwanja kikipata taa, msimamizi huyo huondoka, na kinachobaki ni kitabu cha kumbukumbu za safari, ambamo rubani huandika saa zake kwa majira ya Greenwich, saa 3 nyuma ya zile ambazo mwili wake unazifuata.