Mwalimu wa Mtoto Mwenye Usonji: Husomea Nini Chuo Kikuu?

Usonji ni hali ya ukuaji wa ubongo inayojitokeza tangu utotoni. Mwenye hali hiyo hupata taabu kuwasiliana na kuchangamana na wenzake, hupenda mambo yaende kwa utaratibu ule ule, na aghalabu sauti au mguso mdogo humsumbua mno. Daktari Leo Kanner wa Baltimore, Marekani, aliieleza mwaka 1943 kwa kuwachunguza watoto 11. Baadaye wataalamu kadhaa waliwalaumu akina mama, ati upendo wao ulikuwa baridi. Dhana hiyo, iliyowaumiza wazazi bure, ilipingwa kwa hoja na Bernard Rimland mwaka 1964, na leo haina msingi wowote. Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba mwaka 2021 mtu mmoja kati ya 127 alikuwa na usonji.

Mtu aweza kuuliza: mwalimu anayerudi chuoni kwa shahada ya uzamili katika elimu maalumu hujifunza nini zaidi ya huruma? Kwanza kabisa, hujifunza kuchunguza. Tuchukue mfano wa mji wa Tunduma, mkoani Songwe, mpakani mwa Zambia, ambako malori hupanga foleni na honi zake husikika mbali. Mwanafunzi azibaye masikio na kutoka mbio kengele inapogongwa aweza kudhaniwa mtukutu, akachapwa. Mwalimu aliyefunzwa huandika kwa siku kadhaa nini kilitangulia, mtoto alifanya nini, na nini kilifuata. Akibaini kwamba mbio hizo huja baada ya kengele tu, fimbo haina kazi tena: humtahadharisha mtoto mapema, au humkalisha mbali na kengele.

Hujifunza pia kupanga siku ya masomo ili ionekane kwa macho. Eric Schopler na wenzake katika jimbo la North Carolina walianza mpango wa namna hiyo mwaka 1972, wakiwashirikisha wazazi kama walimu wenza. Picha humwonyesha mtoto kinachoanza na kitakachofuata. Vifaa si ghali. Kadi za boksi na kipande cha mkaa vyatosha.

Lililo gumu zaidi ni utafiti. Maswali mengi ya kupimia usonji yalitungwa Ulaya na Marekani. Mojawapo huuliza kama mtoto humtazama mtu machoni; lakini katika nyumba nyingi za kwetu mtoto amkaziaye macho mkubwa huhesabiwa kuwa hana adabu. Tena mtoto wa Tunduma huenda akasikia Kinyamwanga nyumbani na Kiswahili sokoni. Kuchelewa kwake kusema kupimwe kwa lugha ipi?

Chuo cha Ualimu Patandi, Arusha, hufundisha walimu wa elimu maalumu, na Chuo Kikuu cha Dodoma hutoa shahada ya kwanza. Shahada ya uzamili hupatikana pia Kenyatta, Kenya, na Kyambogo, Uganda. Mwaka 1978 Victor Lotter alichapisha uchunguzi wake katika nchi sita za Afrika, zikiwemo Kenya na Zambia. Aliukuta usonji, ingawa tabia ya kurudiarudia mwendo fulani wa mwili ilionekana kwa uchache kuliko Uingereza. Tofauti hiyo ilitokana na watoto wenyewe, au na namna walivyotafutwa? Mwalimu wa Songwe anayetafuta mada ya tasnifu anaweza kuanzia hapo.